Mali Isiyohamishika

Seremala mmoja, aliyebandikwa jina la Uhakika kwa kuwa hakuondoka mlangoni kabla ya kutikisa kufuli mara tatu, aliijenga nyumba yake kwa mikono yake, akaipenda kupita kiasi. Wakala wa bima, binti mmoja kijana, alipobisha hodi, Uhakika alimvutia kiti kabla hata salamu hazijaisha.

"Baba, bima hii inalinda mali isiyohamishika," binti yule alimweleza. "Vitu vya ndani vina bima yake. Ningekushauri uchukue zote mbili."

Uhakika alilisoma lile neno, akalirudia, akacheka kimoyomoyo. Alitia sahihi moja tu. Binti alipotoka, akachukua spana.

"Unafanya nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Navifanya visihamishike. Tahadhari kabla ya hatari!"

Basi kitanda, kabati, meza, vyote vikakazwa sakafuni kwa bolti nene kama kidole gumba. Birika likafungwa mnyororo. Kiti cha wageni alikikosea vipimo, kikakazwa hatua nzima kutoka mezani, na mkwe wao alipokuja kuwatembelea alikula amenyoosha shingo, heshima ikimzuia kuuliza. Mtaa mzima ulicheka, wala siulaumu.

Kitu kimoja tu kilimshinda: cherehani ya mkewe. Kwa cherehani hiyo mama yule alisomesha watoto watatu, na kila siku aliisogeza kufuata mwanga wa dirisha.

"Thubutu!" alimwambia, mkasi mkononi. "Ukiigusa, nakukata hiyo suruali ukiwa umeivaa."

Adhuhuri moja waya wa umeme ukapiga shoti darini. Majirani walikuja mbio kuokoa vyombo. Wakavuta kitanda, hakikusogea. Wakaenda kwenye kabati, wanaume wanne, wakaling'ang'ania mpaka moshi ukawatoa mikono mitupu. Mkewe alikuwa ameshaitua cherehani yake barabarani. Akageuka, mumewe hayupo.

Alimkuta sebuleni amepiga magoti, anakohoa, anafungua bolti ya kwanza kati ya arobaini. Alimwita kwa jina ambalo hakuwa amelitumia tangu uchumba. Hakuinuka. Hapo hofu yake ikageuka hasira, akamkamata ukosi na kumburura hadi nje, spana bado mkononi.

Wiki ile binti wa bima alikuja, akakuta bolti zimesimama kwa safu kwenye sakafu tupu. Nyumba italipwa, alisema. Vya ndani, hapana.

"Lakini havikuhamishika! Waulize!"

Majirani wakaapa kuwa ni kweli tupu. Binti akajikuna kichwa kwa kalamu.

"Baba yangu, kitanda ni kitanda, hata ukikipigilia."

Uhakika aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huruma kwa mkewe, aliyekuwa hana hata pa kukaa.

Nyumba ilipoezekwa upya, binti alileta fomu ya bima ya pili. Juu yake pameandikwa: Orodhesha mali zinazohamishika. Uhakika aliitazama, hana la kuandika. Mkewe akamnyang'anya kalamu. Akaandika: Cherehani moja.

Akamwangalia mumewe, nyusi zake zilizoungua zikianza kuota upya. Halafu akaongeza chini yake: Mume mmoja, kwa shida.