Bahasha ya Udongo

Watu wa Babeli walikuwa na akili kunishinda. Wao wakiandikiana mkataba kwenye kibao cha udongo, walikifunika kibao chenyewe kwa bahasha, nayo ya udongo vilevile, na juu ya bahasha wakaandika tena maneno yaliyomo ndani. Mjanja akichezea maneno ya nje, kadhi wao alivunja bahasha na kusoma ya ndani. Haya nilijifunza chuo kikuu Minneapolis, miaka ya tisini, katika darasa lililokuwa chini ya jengo, ambalo mabomba yake ya joto yaligonga kutwa kucha, na niliyaandika vizuri daftarini. Kisha nikatoka nje nikampa shoga yangu kurasa zangu zikiwa hazina kifuniko chochote.

Tulikuwa tumekua mtaa mmoja Mombasa, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa na mwalimu mmoja. Yeye alinitangulia Marekani kwa mwaka mmoja, kwa hiyo alikuwa na gari na kompyuta. Mimi nilikuwa na kazi ya kuosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kadi ya basi.

Kila Jumamosi asubuhi nilifundisha Kurani watoto wa watu wa pwani kule Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis, kwenye fleti ya dereva mmoja wa teksi na mkewe. Walikuwa watoto kumi na mmoja. Waliketi mkekani, niliwauliza kwa Kiswahili, nao wakanijibu kwa Kiingereza, tukaenda hivyohivyo mpaka Yasini. Shoga yangu ndiye aliyenipeleka kwa gari lake, na mimi nikisomesha sebuleni yeye alikaa jikoni na kina mama.

Niseme wazi darasa lile lilikuwa nini kwangu. Kazini wazee waliniita jina la msichana aliyenitangulia, hata baada ya miezi sita. Chuoni nilikuwa yule wa mtandio anayekaa nyuma. Brooklyn Park nilikuwa mwalimu, na wanawake waliomzidi mama yangu umri walinipisha kiti. Wiki nzima niliivumilia kwa ajili ya zile saa tatu za Jumamosi.

Profesa wetu alitutaka tuandike Babeli iliwaachia nini walimwengu. Nilianza kwa furaha, maana nilikuwa nimeshawapenda watu wale. Walizihesabu nyota na miezi. Hesabu yao ya sitini ndiyo inayotugawia saa mpaka leo. Sheria zao, zilizochongwa kwenye jiwe, zilianza na mtu anayemtuhumu mwenzake bila ushahidi, na adhabu ilimrudia yeye mwenyewe. Hilo lilinifurahisha sana, kwa sababu nimetoka mtaa ambao tuhuma hufika sokoni kabla ya mtuhumiwa hajaamka.

Halafu nikafika kwenye kisa chao cha gharika. Mtu anaambiwa ajenge jahazi, anapakia wanyama, maji yanapotulia anaachia ndege. Nilikifunga kitabu. Nilijiona kama mtu aliyekutana njiani na mgeni aliyevaa kanga ya mamake.

Ukurasa wa nne wa insha yangu nilieleza hoja ya profesa, kwamba kisa cha Nabii Nuhu kilichukuliwa Babeli. Niliieleza kwa haki, bila kuipunja, kama nilivyofundishwa. Ukurasa wa tano nikamjibu. Nilisema maji yaliyozamisha watu hayawezi kukumbukwa na kabila moja tu, na kwamba aliyetangulia kuandika si lazima awe ndiye aliyetangulia kujua. Ukurasa ule wa tano niliuandika nikiwa natokwa na machozi kwenye basi. Ndio ulionirudishia imani yangu mkononi.

"Niachie, nita-type mimi," shoga yangu alisema. "Wewe una shift."

Nilimwachia kurasa zote sita, zimejaa mwandiko wangu na masahihisho ya penseli. Siku ile nilimwonyesha garini kitu nilichokuwa nikikiweka kwa ajili ya Ramadhani, watoto watakapokuwa wakiitazama saa kungoja futari. Nilikuwa na paketi ya tende. Nilimwambia tende sitini unaweza kuwagawia watu wawili, watatu, wanne, watano, hata sita, na hakuna atakayelia, ndiyo maana watu wa Babeli waliichagua sitini. Alicheka, akala tende mbili.

Insha aliichapa, nikaipeleka kwa profesa. Jumamosi iliyofuata aliniambia gari lina matatizo. Nikapanda mabasi mawili, nikatembea kwenye theluji. Nilipofika, mkeka ulikuwa umekunjwa umeegemezwa ukutani na sikusikia sauti ya mtoto hata mmoja.

Mke wa dereva aliniletea chai ya iliki na mahamri. Hakuketi. Mumewe ndiye aliyeketi, akatoa karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya goti.

"Mwalimu, hii umeandika wewe?"

Ilikuwa ukurasa wa nne. Si ule uliochapwa, bali wa mkono wangu, na penseli yangu pembeni. Karatasi ile nilikuwa nimempa mtu mmoja tu duniani.

"Ni yangu," nikasema. "Ukurasa wa tano uko wapi?"

"Sisi tumepewa huu."

"Kuna jibu kwenye wa tano."

"Sikatai, mwalimu. Lakini kina mama wameingiwa na hofu. Pumzika kidogo."

Kwetu mtu akiambiwa apumzike kidogo amekwisha kufukuzwa. Ningeweza kupiga kelele, ningeweza kumtaja. Lakini nimelelewa kwamba hugombi katika nyumba ambayo chai yake iko mdomoni mwako. Nilimaliza mahamri yote mawili, nikashukuru, nikarudi kituo cha basi. Nililia pale kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Shoga yangu hakukana.

"Waliniuliza wasoma nini huko. Ulitaka niwadanganye?"

"Uliwapa ukurasa mmoja."

"Ndio walioutaka kuusoma," akasema, na akaendelea kukunja nguo zake.

Profesa aliporudisha insha, niliibeba nzima hadi Brooklyn Park. Dereva aliusoma ukurasa wa tano akiwa amesimama mlangoni, polepole, mara mbili. Alikuwa mtu mwema, nami sitamsingizia. Akasema, "Hapa huna kosa, mwalimu." Nikangoja. Nyuma yake nilisikia watoto wakisoma kwa pamoja, na sauti iliyokuwa ikiwatangulia niliijua tangu utotoni. "Lakini watoto wameshamzoea mwenzako," akasema. Hata ushahidi wangu ulikuwa umechelewa kwa Jumamosi tatu.

Idi mwaka ule tuliswali kwenye ukumbi wa kukodi, na baada ya pilau watoto wakapandishwa jukwaani waonyeshe walichojifunza. Nilikaa nyuma, karibu na makoti. Wakasoma Yasini, wakasoma vizuri, na mimi ndiye niliyeianza nao. Kisha binti wa dereva akaja mbele na sahani ya tende. Akawauliza watu, kwa Kiingereza chake, kwa nini saa ina dakika sitini. Akazigawa tende kwa wawili, kwa watatu, kwa wanne, kwa watano, kwa sita. Akasema waliofikiria hivyo walikuwa watu wa Babeli, watu wenye elimu kubwa ya zamani, na kwamba mwalimu ndiye aliyewafundisha.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Shoga yangu alikuwa safu ya mbele, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuna aliyeogopa Babeli siku ile.

Mama mmoja aliyeketi kando yangu, mgeni asiyenijua, aliniinamia sikioni. "Mwalimu wao ni msomi, mashaallah," akasema. "Wewe wamjua?"

"Namjua," nikamwambia. "Tumesoma pamoja."

Akanipitishia sahani ilipotufikia. Zilikuwa zimebaki tende mbili.