Kisima cha Ruhuwiko na Ubishi Wangu

Leo nimeumbuka kisimani, na nilistahili.

Siku tatu nabishana na Menas kwenye ile ramani ya mtandaoni tunayochora pamoja. Mimi naandika kisima cha Ruhuwiko ni "maji ya kunywa". Yeye anafuta. Narudisha!

Leo nikaenda kupiga picha ya ushahidi. Nikamkuta mama mmoja anachota.

"Shikamoo mama. Haya maji mnakunywa?"

"Marahaba. Weee! Haya ya kufulia tu. Wapangaji wageni walikunywa, wakaharisha nyumba nzima."

Nikaondoka bila kupiga picha.

Nimeyafuta mwenyewe yale maneno kwenye ramani na kumwomba Menas radhi. Tumekubaliana: hakuna kuandika "ya kunywa" kabla ya kuwauliza wanaochota.

Kesho naanza kuzungukia visima vya Msamala, kimoja kimoja. Watu wa huko, maji ya kisima chenu mnakunywa?