Kishikio Kilicholiwa na Bungua

Kyuzo Sasamori alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili, na kazi yake ilikuwa kuharibu vitu vizuri. Mafundi wa kuyeyusha chuma na kusubu mabirika bado wapo wa kutosha hapa Morioka, Japani. Wa kufua vishikio vyake, vile vyenye uwazi ndani visivyochoma mkono, walibaki wawili, na mmoja wao alikuwa hajiwezi kitandani. Kwa kila kishikio Kyuzo alichukua bamba la chuma, akaligonga siku tatu mpaka likawa bomba lililopinda, akaficha maungio yasionekane. Kisha akatoboa matundu machache ovyo ovyo, kana kwamba bungua wamehama kwenye mbao wakaanza kula chuma. Wapenzi wa chai hulipa zaidi kwa matundu hayo.

Msimu ule wa baridi mkono wake wa kulia ulianza kufa ganzi. Daktari akamwambia aache nyundo. Kyuzo akasema ataacha akishamaliza kishikio alichomwahidi Kumagai, msubu mabirika, rafiki yake tangu shule ya msingi, ingawa hawajawahi kuambiana neno jema. Birika la Kumagai lilikuwa linaingia kwenye maonyesho siku moja tu baada ya kukabidhiwa kishikio hicho. Kwamba hicho ndicho kishikio cha mwisho, wote wawili walijua.

Asubuhi ya makabidhiano Kyuzo alikwenda kliniki. Aliporudi alimkuta mkwewe, Mitsugu, ndani ya karakana ambayo hajawahi kukaribishwa. Mitsugu alikuwa fundi wa kuchomelea ekzosi za magari, mtu wa mji wa Kawasaki, aliyehamia ukweni mwaka mmoja uliopita. Katika mwaka huo baba mkwe alikuwa amemwambia maneno yapatayo kumi na moja, mengi yakihusu kufunga mlango.

"Baba, una bahati nimekiona," alisema Mitsugu kwa furaha. "Kishikio chako kilikuwa kimeoza! Matundu tisa. Nimeyaziba yote."

Kyuzo alikaa chini. Hapakuwa na kiti.

Chizuko, binti yake, alikuja na upawa wa supu mkononi, akaona, akapiga ukelele. "Mitsugu! Umefanya nini wewe mwanamume? Yale matundu ndiyo kazi yenyewe!"

"Matundu?"

"Ndiyo yanayolipiwa!"

"Mnanitania." Alimtazama mkewe, akamtazama mzee sakafuni. "Hamnitanii."

Kyuzo alikichukua kishikio, akakipapasa kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na hisia, akitafuta makovu. Akarudia. Akavaa miwani. Hapakuwa na kovu hata moja. Nusu karne alikuwa amejifunza kuficha ungio moja. Huyu alificha tisa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi.

"Nani kakufundisha?"

"Ekzosi, baba. Ikivuja, mteja anarudi kukutukana."

Kumagai angefika saa sita. Kyuzo alishika tindo kwa mkono wa kulia; tindo ikaanguka. Akaishika tena, ikaanguka tena. Ndipo akaiokota, akamnyooshea mkwewe.

"Toboa."

Mitsugu akatoboa matatu: sawasawa, kwenye mstari.

"Bungua gani hao wamepanga foleni?" Kyuzo alifoka. "Wana njaa! Hawana rula!"

"Baba, sijawahi kuharibu kitu kwa makusudi."

"Hiyo ni aibu kwa umri wako. Ziba, anza upya."

Akaziba, akaanza upya, jasho likimtoka wakati nje theluji inaanguka.

Kumagai aliingia bila hodi. "Bado hujafa?" Akapeleka kishikio dirishani, akapitisha ukucha kwenye kila tundu.

"Kyuzo," alisema mwishowe, "matundu yako siku zote yana adabu kupita kiasi. Haya yametafunwa kweli. Hujawahi kufanya kazi nzuri hivi."

Sifa hiyo Kyuzo alikuwa ameisubiri miaka arobaini na tisa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, fani aliyokuwa bingwa wake.

"Si mimi," alisema. "Ni huyu."

"Huyu wa ekzosi?"

"Huyu wa ekzosi."

Kumagai alimkagua Mitsugu kuanzia viatu hadi nywele, kama mtu aliyeuziwa farasi akaletewa mbuzi anayesoma. "Nina mabirika manne hayana vishikio," akasema. "Anza Jumatatu."

"Jumatatu nipo gereji, mzee."

"Hupo," alisema Kyuzo, na aliyeshtuka kuliko wote ni yeye mwenyewe.