Mlio wa Shangazi

Shangazi alikubali kwa sharti moja: asijulikane. Filamu yetu ilieleza namna mashamba ya mpunga ya Salale, kule deltani, yalivyohamia mikononi mwa familia moja ya kitajiri iliyotaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba, na namna mkwe wa familia hiyo alivyokuwa ndiye anayetia saini karatasi zenyewe serikalini. Mimi niliandika maelezo. Tulimpiga picha kwa nyuma, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu anakokaa kulinda mpunga usiliwe na ndege. Mgongo wake tukautia giza, maneno yake akayasema mtu mwingine.

Kabla hatujashuka, kwelea walitua shambani. Shangazi akawaamia, akawafukuza kwa mlio wake. Alianza chini kama anayebembeleza, akapanda, akakata ghafla, na kundi zima likainuka kama shuka linalokung'utwa.

Tulipokuwa Kibiti tukikata na kuunga picha, mwenzangu alisema ule mlio tuutoe, hauna kazi. Niling'ang'ania. Nilimwambia hapo ndipo filamu inapovuta pumzi, na nikajivunia hata hayo maneno.

Nililelewa dunguni kwake. Kila mwanamke wa delta ana mlio wake wa kuamia. Ukipita kwa mtumbwi, hata hujaona mtu, unajua umefika shamba la nani. Siwezi kusema nilisahau. Nilijua, ila niliupenda mlio kuliko sharti.

Kijijini waliitazama filamu kwenye simu, wakausikia mlio, wakamtaja Shangazi wakicheka, kwa furaha ya kumtambua mtu wao. Wiki haikuisha. Mwenyekiti wa kijiji alimwendea, akamwambia kwa upole kwamba shamba lake nalo limeingia kwenye ramani ya mabwawa, avune mara hii tu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilipanda ngazi ya dungu na maneno mengi mazuri, naye hakuyangoja. Alinisogezea nafasi kwenye jamvi, akaniuliza kama nimekula. Mara kwelea wakashuka upande wa mtoni, wengi, na yeye akawatazama tu, mdomo kaufumba.

"Shangazi, wanakula."

"Nawaona."

Nikangoja aamie. Mashuke yalikuwa yakiinama mbele yetu.

"Wafukuze wewe, baba," alisema. "Wako mlio hakuna anayeujua."