Kioo Alichokisifia Jicho

Dada yangu tunamwita Jicho. Kazi yake ni kuchungulia kwenye hadubini vioo vilivyopakwa ute wa mlango wa kizazi, atafute seli zilizoanza kuharibika kabla hazijawa saratani. Na mdomo anao! Mtaa mzima kaupeleka kupima. Nilibaki mimi, mdogo wake, msusi.

"Unangoja nini, uote pembe?" aliniambia mbele ya wateja. Nikaenda, ili anyamaze tu.

Maabara kwao vioo havina majina, vina namba. Jina hufunguliwa kwenye kompyuta baada ya majibu kuandikwa. Asubuhi moja Jicho akakutana na kioo cha ajabu: seli zimerundikana, viini vimevimba, vyeusi tii. Kwao kioo cha namna hiyo ni mali, maana kinafaa kufundishia. "Jamani, njooni mwone uhondo!" Wanafunzi wakapanga foleni, kila mmoja anachungulia na kusifia. Jicho akaandika kwamba mgonjwa aitwe haraka, kisha akafungua jina.

Mimi nilimwona tu mlangoni saluni, mchana kweupe, na koti lake la maabara. Nikacheka. "Makubwa! Leo umekuja kusuka?"

Alikaa chini sakafuni, juu ya nywele za watu.

"Nimekuita uhondo," akasema.

Aliponieleza kwamba kile kioo ni changu, kitana kilinidondoka. Haki ya Mungu, nilimchukia. Watu wamejipanga kunichungulia wakichekelea, na mimi huku nasuka sina habari! Halafu nikawakumbuka wanangu, hasira ikaisha yote, nikabaki na woga mtupu.

Hospitali wakanikata kipande kidogo cha nyama wakapime. Siku ya majibu, Jicho, msomaji wa vioo vya watu wote, aligoma kuingia kwa daktari. Alibaki kwenye benchi nje, kafumba macho. Daktari akaniambia saratani bado, ila ilikuwa imekaribia sana. Wataondoa sehemu iliyoharibika, na nitapona.

Nikatoka, nikasimama mbele yake.

"Fumbua macho, wewe. Sijafa."

Akanikumbatia, analia kwa sauti bila haya. Baadaye akasema, "Wanakitaka kile kioo cha kufundishia. Nimewakatalia."

"Wape," nikamwambia. "Ila kabla hawajachungulia, waambie kina mwenyewe."