Mwanangu alivunjika mkono shuleni, mwalimu akamsahihishia Kiingereza

Wakuu, heshima zenu. Mlionitangulia umri, shikamooni.

Haya yamenitokea mimi na mwanangu, sijaongeza chumvi hata punje. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, ila juzi nimeingia humu nikakuta uzi wa kumcheka dada mmoja aliyeandika "I did not went". Damu ikanichemka.

Ukurasa baada ya ukurasa watu wanacheka tu. "Kilaza huyo." "Shule za kata hizo." Kuna mmoja kamtukana weee, halafu anamalizia yeye mwenyewe na "peoples are not serious".

Jamani! Hivi mnajua hayo makosa yanatoka wapi?

Mimi ni mtu wa Mabawe, Ngara, ingawa sasa hivi naishi Nyantakara huku Biharamulo, nauza vipuri vya pikipiki. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kihangaza. Kiswahili nimekikuta darasani. Kabla hakijakaa sawa nikaambiwa kuna na Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kuimba. Mwalimu akiingia tunasimama, "Good morning teacher", tunakaa, somo limeisha.

Nikafika Form One. Mwalimu wa Biology akajaza ubao mzima, tukanakili mpaka koma, na hakuna aliyejua kilichoandikwa. Aliyefaulu ni aliyekariri.

Sasa mtu aliyepitia huko akimwita mke wake "he", mnashangaa nini? Kihangaza hakina he na she. Kiswahili nacho hakina. Akisema "my childrens", akisema "let us discuss about", akisema "me I am understand", msimwambie hana akili. Hapo unaona alivyofundishwa: kunakili, kukariri, na kuogopa fimbo.

Hasa kuogopa. Na hicho ndicho kilichonileta.

Nina binti yangu, Evodia, yuko darasa la nne. Sikutaka apite nilikopita mimi, nikajikamua nikampeleka English medium. Jina la shule nabaki nalo, msinifuate PM. Sare nzuri, basi linamfuata barabarani, mama yake anamsindikiza huku anaringa mtaa mzima. Getini kuna bango limeandikwa SPEAK ENGLISH ONLY. Nililipenda lile bango, nisiwafiche.

Nilichokuwa sikijui ni kibao.

Wengine mmekivaa utotoni, mnakikumbuka. Kipande cha mbao kina kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni. Na njia ya kukivua ni moja tu, umnase mwenzako naye anaongea Kiswahili, umvishe yeye. Kengele ya kwenda nyumbani ikikukuta nacho, unaondoka nacho, na kesho asubuhi unachapwa mstarini mbele ya shule nzima.

Hebu fikirieni. Mtoto mdogo mapumziko hachezi, anawinda. Anajibanza nyuma ya vyoo asikie nani kasema "nipishe". Wenzake wakimuona wanatawanyika. Tunalipia watoto wafundishwe kuchongeana, halafu tunaita malezi bora. Upuuzi mtupu!

Siku aliyoumia, Evodia alivishwa kibao asubuhi kwa sababu alimwambia rafiki yake "nisubiri". Basi, hilo tu.

Mapumziko akamsikia mtoto mmoja anaongea Kiswahili, akamkimbiza ili amvishe. Akateleza kwenye ngazi za darasa, akaangukia mkono. Mkono ukavunjika palepale.

Kengele ikalia, akarudi darasani. Mwalimu akamuona analia, kaukumbatia mkono kifuani, akamuuliza kwa Kiingereza ana nini. Mtoto akajitutumua akasema, "Teacher, me I am fall the hand."

Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akamwambia siyo hivyo, sema "I have fell on my hand." Evodia akarudia. Mwalimu hakuridhika, akamwambia aseme tena. Akasema. Akaambiwa good, sit down.

Wakuu, rudieni kusoma hapo. Mtu mzima mwenye macho mawili alisahihisha sentensi, tena akaisahihisha vibaya, na mkono hakuutazama!

Akakaa hivyo vipindi vyote vya mchana, mkono unavimba, anaandika kwa mkono wa kushoto. Hakusema tena. Kiingereza cha kueleza zaidi hakuwa nacho, na Kiswahili akikifungulia mdomo anaongezewa fimbo juu ya zile zinazomsubiri kesho.

Ngoja, kuna mteja anataka tyubu.

Nimerudi.

Jioni basi likamshusha. Mama yake akamshika ili ampokee begi, mtoto akaruka. Mama akauliza kwa Kihangaza kuna nini, Evodia hajibu, anaangalia basi. Basi lilipokata kona ndipo akaangua kilio ambacho nilikisikia nikiwa dukani. Nilipofika nikakuta mkono umevimba vibaya na kibao kinaning'inia shingoni.

Nikampakiza kwenye pikipiki, mama yake nyuma kamshika, mpaka hospitali. Wakapiga picha, mfupa umevunjika, wakamfunga POP, lile plasta gumu. Akiwa pale kitandani ndipo akatueleza haya yote, kidogo kidogo. Mama yake alilia kuliko mtoto.

Asubuhi nikaenda shule, kibao mkononi.

Mkuu wa shule kanipokea kwa bashasha. "Good morning parent, how can we assist you?" Nikamweleza kwa Kiswahili yaliyomkuta mwanangu. Akanisikiliza, akaegemea kiti, akasema: "Parent, here we are using English. It is our policy. The child, she did not reported the matter."

Did not reported!

Sikucheka, naapa. Kiingereza chake ni kilekile changu, tumesomeshwa namna moja. Kilichonipandisha hasira ni kwamba yeye kosa lile halijamzuia kukalia kile kiti, ila mtoto wangu akikosea hata anaposema ameumia anachekwa, na Kiswahili chake kinachapwa.

Nikaweka kibao mezani kwake. Nikamwambia, "Mwalimu, nikitoka hapa naenda kwa afisa elimu, kisha ustawi wa jamii. Watakuja kuuliza ni nani alimuona mtoto analia na mkono umevunjika akamwambia akae chini."

Weee! Kiswahili kikatoka hapo, kimenyooka, kina adabu zake zote.

"Baba Evodia, ndugu yangu, kaa kwanza. Samahani sana. Mimi pia ni mzazi. Haya mambo tuyamalize kiungwana, ukinifikisha huko nitaharibikiwa. Tafadhali, kaka yangu."

Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona hukuyasema hayo kwa Kiingereza?"

Akakisukumia kibao pembeni ya meza.

"Umebanwa kidogo tu," nikamwambia, "umekimbilia lugha unayoijua. Mwanangu kavunjika mfupa, nyie mkamwambia atunge sentensi."

Nikaondoka. Na nilienda kweli kwa wakubwa wote niliowataja, wakafika shuleni, vibao vikakusanywa. Yule mwalimu wa darasani alikuja mpaka nyumbani kuomba radhi. Nilimsikiliza, chai alikunywa, lakini moyo haujasafika, nisiwadanganye.

Mnadhani wazazi wenzangu walinishukuru? Thubutu! Nilipigiwa simu. "Baba Evodia, unatuharibia shule." "Bila kibao watajua lini Kiingereza?" Mama mmoja akaniambia nimdekeze wa kwangu, wao niwaachie wa kwao. Yaani mtu anaambiwa mtoto kavunjika mkono, yeye anaulizia Kiingereza!

Sasa nisikilizeni nyie mnaocheka makosa ya watu humu. Mtoto anayeogopa kukosea hasemi. Asiyesema hajifunzi. Anakariri sentensi chache za kumpitisha getini, na akikua anaandika "I did not went", nyie mnampiga picha mnaileta humu mcheke tena. Kibao hakijamtoka shingoni, mmekishika nyie.

Kiingereza nakitaka. Mwanangu akijue, akiongee mpaka anishinde. Ila afundishwe, asiwindwe.

Nimemhamishia shule ya serikali ya hapa hapa. Siwapambii, watoto wamejazana, na Kiingereza chao bado ni kile cha kuimba. Namfundisha mwenyewe jioni kwa hiki changu kibovu, akikosea tunacheka wote, tunatafuta lililo sahihi kwenye simu, tunaendelea.

Nilidhani yameisha.

Wiki iliyopita tumeenda kutoa POP. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mpole, akaushika mkono taratibu akaanza kubonyeza. "Pole mwanangu. Hapa panauma?"

Evodia kimya.

Akabonyeza tena, nikaona uso wa mtoto umekunjamana, machozi yanalenga, na mdomo kaufumba. Nesi akamuuliza tena, "Sema mwanangu, panauma?"

Mtoto akanigeukia. Akaangalia mlangoni, akaninong'oneza sikioni:

"Baba, hapa wanaruhusu Kiswahili?"

Nilimwambia sema mwanangu, sema kwa lugha yoyote. Halafu nikatoka nje, nikalia kwenye korido ya hospitali, mwanaume mzima, watu wanapita wananiangalia.

Basi, wenye watoto kwenye shule za namna hii, sitaki mnipe pole. Leo jioni mkae na mtoto, mumuulize swali moja: ukiumia shuleni, unamwambia nani, na unamwambia kwa lugha gani?

Atakachowajibu, njooni mkiandike hapa chini.