Mstari Mweusi wa Luciana

Enzi za Mwingereza, kanga zilipokwisha kujaa madukani, mabibi harusi wa Mwankoko bado walimfuata Yunisi awashonee vazi la ngozi ya mbuzi. Vazi lililompa sifa kuliko yote urembo wake aliuiga kutoka kwenye kikapu cha rafiki yake Luciana, msusi wa vikapu. Aliiga kila kitu kwa shanga, hata ule mstari mweusi ulioanzia chini ukakatika mzunguko wa nne. Ruhusa hakuomba. Harusini, wanawake walipomuuliza ameutoa wapi urembo ule, alijibu kwa macho makavu, "Kichwani mwangu."

Luciana alikuwa amekaa pale pale.

Kesho yake Yunisi alimfuata nyumbani.

"Umenikasirikia, dada?"

"Hapana. Ila ule mstari mweusi usiwawekee wanaoolewa."

"Kwa nini?"

"Ni Esta wangu. Mizunguko minne, miaka minne aliyoishi. Kila kikapu namweka."

Yunisi akainamisha uso. Mbeleko ya ngozi aliyobebewa Esta aliishona yeye kwa mikono yake. Na jana, mbele za watu, alisema mtoto huyo amemtoa kichwani mwake.